Namna ya Kuitumia Taasisi ya Jiolojia: Mwongozo kwa Mchimbaji Mdogo, Mwenye Shamba na Serikali ya Kijiji

Watu wengi hufika Dodoma, yaliko makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, wakiwa na jiwe mfukoni na swali moja: hili ni madini gani? Swali hilo hujibiwa, na pengine kwa dakika chache, lakini jibu lake mara nyingi halimsaidii aliyeuliza, kwa sababu jiwe lililotengwa na mahali lilipotoka limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Mjiolojia anataka kujua lilikuwa limeshikana na mwamba gani, mwamba huo ulielekea wapi, na kama liliokotwa mtoni, mlimani au kando ya barabara iliyojengwa kwa kifusi kilicholetwa na lori kutoka wilaya nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda huko, au kutuma sampuli na barua, akiwa amejiandaa kiasi cha kupata jibu atakaloweza kulitumia.

Taasisi hii, ambayo wengi huiita GST, ilianza mwaka 1925 ikiwa idara ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mwaka 2005 ikawa wakala wa serikali, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 imewekwa ndani ya sheria hiyo yenyewe, chini ya Wizara ya Madini. Katika muda huo wote imekusanya ramani, ripoti, vipimo na mawe kutoka karibu kila pembe ya nchi, zikiwemo pembe ambazo hakuna kampuni ingetoa senti yake kuzichunguza. Hapo ndipo ulipo msingi wa utumishi wake kwa umma: kampuni hupima ardhi inayotarajia kuinunua au kuichimba, ilhali taasisi ya serikali hupima hata pale pasipo na mnunuzi, kwa kuwa baada ya miaka 40 atatokea mtu anayetaka kujenga bwawa, kuchimba kisima au kuhamisha kijiji, naye atahitaji kujua kilicho chini yake.

Mlango wa kubisha

Tofauti ya kwanza ya kuielewa ni ile iliyopo kati ya kujua na kuruhusu. GST hutafiti na kushauri, wala haitoi leseni. Leseni za madini hutolewa na Tume ya Madini, na aliye mkoani huanzia kwa Afisa Madini Mkazi. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania. Anayetafuta mtambo wa kuchoronga huzungumza na STAMICO, shirika la madini la taifa, au na kampuni binafsi. Kibali cha kuchimba kisima kirefu na kutumia maji yake hutoka katika bodi ya maji ya bonde husika, nayo mabonde yako 9 Tanzania Bara. Masuala ya athari kwa mazingira yako NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, mawe yenye miale ya nyuklia yanahusu Tume ya Nguvu za Atomu, na mafuta na gesi asilia yana vyombo vyake. Ukikuta mifupa iliyogeuka jiwe, kama ile ya mijusi wakubwa wa Tendaguru mkoani Lindi ambayo Wajerumani waliichimba na kuisafirisha kati ya mwaka 1909 na 1913, usiiguse. Watu wa Malikale, idara ya serikali ya mambo ya kale, wanapaswa kuambiwa kabla jembe la pili halijapigwa.

Ninaanza na mambo haya kwa sababu nimeona watu wakirudi nyumbani na ripoti nzuri ya kijiolojia wakidhani wameruhusiwa kuchimba, na wengine wakiwa na leseni halali wakidhani serikali imewahakikishia kwamba dhahabu ipo. Leseni inathibitisha haki yako juu ya eneo, na kilichomo katika eneo hilo ni juu yako kukitafuta.

Kabla ya safari, piga simu au andika barua pepe ukaulize mambo matatu: huduma unayoihitaji inatolewa kwa namna gani, bei yake ya sasa ni ipi, na majibu huchukua siku ngapi. Malipo ya huduma za serikali hufanywa kwa kontrol namba, kwa hiyo mtu yeyote atakayekutaka utume fedha kwenye simu yake binafsi ili "aharakishe majibu" hafanyi kazi ya taasisi, hata kama amesimama nje ya lango lake.

Mahali kwanza, jiwe baadaye

Kila swali la jiolojia ni swali la mahali. Simu ya kisasa inatosha kwa kazi ya mwanzo: simama mahali pa wazi, mbali na mti mkubwa na bati, subiri dakika chache mpaka namba zitulie, kisha andika latitudo na longitudo zote mbili pamoja na tarehe, jina la kitongoji, kijiji, kata na wilaya. Piga picha ya mahali penyewe ukiweka nyundo, kalamu au jembe pembeni ili ukubwa uonekane, halafu piga nyingine kwa mbali ili mlima au mto ulio jirani uonekane.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewagharimu watu fedha na hata kuwagombanisha na majirani. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa mfumo rejea uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS 84 visipobadilishwa. Namba zilezile za mahali, zikisomwa katika mifumo hiyo miwili, hutofautiana kwa mita 300 hivi. Kwa msafiri hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye leseni ya hekta 10, ambayo kama ni mraba kila upande wake una mita 316 hivi, ni tofauti inayoweza kumtoa nje ya eneo lake na kumwingiza la jirani. Andika daima ni mfumo gani umeutumia. Ukitumia namba za mita badala ya digrii, yaani mfumo uitwao UTM, taja na kanda, kwa maana Tanzania imeangukia kanda za 35, 36 na 37 kusini, na namba zilizoandikwa kwa kanda ya 36 zikisomwa kwa ya 37 zitahamisha shimo lako zaidi ya kilomita 600 kuelekea mashariki.

Kuomba ramani na kumbukumbu

Ukishakuwa na mahali, uliza kwanza nini kinajulikana tayari. Hatua hii ni ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Nchi imegawanywa katika vipande 322 vya ramani za jiolojia, ambavyo wenye kazi yao huviita QDS. Kila kipande kina nusu digrii kwa nusu digrii, yaani kilomita 55 hivi kila upande. Ramani za sasa ziko kwa kipimo cha 1:100,000, ambapo sentimita moja ya karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Nyingi za zamani zilikuwa za 1:125,000. Mpe mhudumu namba zako za mahali naye atakuambia uko katika kipande kipi na kama kimekwisha kuchorwa. Omba pia ripoti iliyoandikwa kufuatana na ramani hiyo, ikiwepo, kwa sababu mambo mengi ambayo mjiolojia aliyatilia shaka aliyaandika humo, na rangi za ramani hazina namna ya kuonyesha shaka.

Unapoifungua ramani, anza na maelezo ya rangi yaliyo pembeni. Kila rangi ni aina ya mwamba na umri wake, na alama ndogo za mistari huonyesha mwelekeo wa matabaka na kiasi yanavyoinama. Mistari minene au ya nukta huonyesha mipasuko. Mchimbaji wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa atatafuta mikanda ya miamba ya kale ya volkano, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo wajiolojia huiita mikanda ya mawe ya kijani. Ndiyo inayobeba migodi ya Geita, Kahama na Tarime, nayo imezungukwa na eneo kubwa la matale (graniti). Mwenye kutafuta vito atakwenda kwenye mkanda tofauti kabisa, wa mashariki, wenye miamba iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo: tanzanite, iliyojulikana mwaka 1967, iko kwenye miamba ya namna hiyo yenye kinywe (grafiti) pale Mererani, wilayani Simanjiro, katika eneo la kilomita chache tu. Ramani ya jiolojia haikuonyeshi dhahabu ilipo, lakini inaweza kukuonyesha mahali ambapo kuitafuta ni kupoteza nauli.

Uliza vilevile kuhusu vipimo vya ndege. Kati ya mwaka 1976 na 1980 nchi ilipimwa kutoka angani, ndege zikipita kwa mistari iliyoachana kilomita moja hivi, zikirekodi usumaku wa miamba na miale yake. Vipimo vya kina zaidi, vya mistari iliyokaribiana, vilikuwa vimefikia asilimia 16 tu ya nchi Wizara ilipotangaza mpango wake unaoitwa Vision 2030, ambao umelenga kufikisha asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Kwa mwananchi maana yake ni hii: kabla ya kulipia data za eneo lako, uliza ni za kipimo kipi. Data za mistari ya kilomita moja husaidia kuona mkanda mzima wa miamba, lakini zikitumiwa kutafuta mshipa wenye upana wa nusu mita ndani ya hekta 10 zitakuletea picha yenye rangi nzuri na isiyosema kitu.

Hazina nyingine ni ripoti za kampuni. Sheria inawataka wenye leseni za utafiti kuwasilisha taarifa zao serikalini, na data za madini husimamiwa na GST. Eneo unaloliona leo kuwa pori huenda lilichorongwa miaka 25 iliyopita na kampuni iliyotafuta amana ya mamilioni ya tani, ikakuta kidogo, ikaondoka. Na kile kilichokuwa kidogo kwake kinaweza kuwa kikubwa kwa kikundi cha watu 12 wenye karasha moja, yaani mashine ya kusagia mawe. Uliza: je, kuna ripoti zilizo wazi kwa umma zinazohusu kipande hiki cha ramani? Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, kwa hiyo usione haya kumwomba mjiolojia akusomee ukurasa wa matokeo kwa Kiswahili.

Kuchukua sampuli isiyodanganya

Maabara hupima ulicholeta. Haiwezi kujua ulichokiacha. Mchimbaji akichagua vipande vya mbale, yaani mawe yenye madini, vilivyong'aa kuliko vyote, akavipeleka, atajibiwa kwamba jiwe lake lina gramu 80 kwa tani, naye atakopa fedha za kununua mashine kwa imani hiyo, kumbe wastani wa mwamba anaouponda ni gramu 2. Hakuna aliyemdanganya ila yeye mwenyewe.

Kwa mshipa ulio wazi ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji, njia iliyo bora ni sampuli ya mfereji. Safisha uso wa mwamba kwa brashi na maji, kisha kwa nyundo na moko chonga mfereji wenye kina cha sentimita 2 au 3, unaokata mshipa kwa kuuvuka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, ukijitahidi upana na kina visibadilike. Tandika turubai safi chini ili vipande vyote, pamoja na vumbi lake, viangukie humo, kwa maana dhahabu hupenda kujificha kwenye vumbi. Mshipa uwe sampuli moja, ukuta wa kushoto nyingine, na ukuta wa kulia nyingine. Pima upana wa kila kimoja kwa futi kamba na uandike. Kilo 2 hadi 3 kwa sampuli zinatosha kwa kazi ya kawaida. Kama dhahabu yako ni ya punje kubwa, ongeza. Rudia kila baada ya mita chache kufuata mshipa, kwa sababu mfereji mmoja ni ushahidi wa mahali pamoja tu.

Sababu ya kusisitiza uzito ni hii. Maabara husaga sampuli yako kuwa unga, kisha huchota kiasi kidogo, mara nyingi gramu 30 au 50, na hicho ndicho kinachoingia tanuruni. Ikiwa mwamba wako una gramu moja kwa tani, ndani ya gramu 50 za unga mna dhahabu ya mikrogramu 50 tu, na punje moja isiyofika upana wa robo ya milimita, ikiangukia humo kwa bahati, inaweza kupandisha jibu kwa gramu kadhaa. Ndiyo maana majibu mawili ya jiwe moja hutofautiana bila mtu kuiba kitu. Tiba yake ni sampuli nyingi, nzito, zilizochukuliwa kwa utaratibu uleule.

Marudio, yaani mabaki ya mbale iliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yana namna yake. Lundo la marudio lililokaa mvua mbili halifanani juu na chini, kwa hiyo ukichota kwa koleo kutoka pembeni utakuwa umepima ngozi ya lundo. Tumia bomba refu, ulikandamize kutoka juu mpaka sakafuni katika vituo vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kisha changanya unga wa kila kituo juu ya turubai, ufanye tuta la mviringo, uligawe mara nne, uchukue robo mbili zinazotazamana, uchanganye tena, na uendelee hivyo mpaka ubaki na kilo 2. Kazi hii ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Zebaki hunasa dhahabu iliyo huru na yenye punje za kutosha, nayo iliyo laini hupita na maji mwaloni, mahali pa kuoshea, na kubaki katika marudio. Wenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi wanalijua hilo, na ndiyo sababu hununua marudio kwa bidii. Mwenye lundo anayeuza bila kupima anauza kitu ambacho mnunuzi amekwisha kukipima.

Mambo madogo yanayoharibu sampuli ni mengi: kiroba kilichowahi kubeba mbale, nyundo isiyooshwa baada ya kupiga mshipa mnono, pete ya dhahabu kidoleni mwa mchukuaji. Tumia mifuko mipya ya plastiki, weka karatasi yenye namba ndani na uandike namba hiyohiyo nje kwa kalamu isiyofutika. Usiandike jina la mgodi wala matarajio yako juu ya mfuko. Na kama una fedha ya kulipia sampuli mbili za ziada, fanya hivi: gawa sampuli moja iliyochanganywa vizuri katika mifuko miwili yenye namba tofauti, kisha jaza mfuko mwingine mawe ya itale ambalo una hakika halina dhahabu, nalo ulipe namba ya kawaida. Majibu ya mifuko ile miwili yakikaribiana na la itale likirudi karibu na sifuri, utakuwa na sababu ya kuyaamini mengine yote. Maabara nzuri haikasirishwi na jambo hili. Yenyewe hufanya vivyo hivyo kila siku.

Kuchagua kipimo na kulisoma jibu

Sema unachokitafuta. Kipimo cha dhahabu kwa tanuru hakitakuambia kuhusu shaba, na kipimo kinachoorodhesha elementi nyingi kwa pamoja hakitakuambia jiwe ni la madini gani kimuundo, jambo linalomhusu anayetaka kuuza jasi, kaolini au chokaa kwa kiwanda. Wapo wanaozunguka migodini na kifaa cha mkononi kinachopima kwa eksirei, kinachofahamika kwa kifupi XRF. Ni kifaa kizuri kwa shaba, chuma au manganizi, lakini kwa dhahabu ya gramu chache kwa tani hakioni vya kutosha, na anayekuuzia jibu la dhahabu kwa kifaa hicho anakuuzia bahati nasibu.

Jibu la dhahabu huandikwa kwa gramu kwa tani au kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Ni kitu kimoja. Ukiona alama ya "<" mbele ya namba, maana yake ni kwamba kiasi kilichomo kiko chini ya uwezo wa kipimo kukiona, hivyo usiisome namba hiyo kama kiasi kilichopatikana. Baada ya hapo, fanya hesabu ya upana. Tuseme mshipa una sentimita 20 na gramu 15 kwa tani, na kuta zake hazina kitu. Binadamu hawezi kufanya kazi katika ufa wa sentimita 20. Itambidi achimbe upana wa mita moja, na tani anayoipandisha kwa winchi itakuwa na gramu 3, wala si 15. Ndipo utoe sehemu itakayopotea katika uchenjuaji, mafuta ya jenereta, magogo ya kuegemeza duara na mgao wa wenye shamba. Mkakae na mjiolojia mkafanye hesabu hiyo pamoja mezani, maana ushauri kwa wachimbaji wadogo ni sehemu ya kazi ya taasisi.

Na jibu likiwa "hakuna"? Wengi hulichukua kama tusi, wakaenda kwa mganga au kwenye maabara nyingine mpaka wapate namba inayowafurahisha. Yule mzee anayeleta jiwe lililojaa vipande vinavyometameta na kuambiwa ni ulanga, au pairaiti inayong'aa kama dhahabu, anaondoka na huzuni, lakini amelipa gharama ya sampuli moja badala ya shamba la familia. Hifadhi karatasi ya jibu hilo pamoja na namba za mahali, kwa sababu mwanao atakapotaka kuchimba palepale itamfaa.

Maji na msingi wa nyumba

Kwa kisima, jiolojia huamua mambo mawili: kama maji yapo, na kama yanafaa. Katika nchi ya matale, maji hukaa zaidi katika mipasuko na katika mwamba uliooza, kwa hiyo mpimaji hupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wake ili aone mahali mwamba ulipopasuka. Mpe ramani ya jiolojia ya eneo kabla hajaanza, na umdai ripoti ya maandishi yenye namba za mahali alipopendekeza pachorongwe. Maji yakipatikana yapelekwe kupimwa, hasa katika maeneo ya Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Singida, ambako floraidi huwa nyingi mno. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wa kijiji jirani ni dalili tosha ya kuuliza kabla ya kuchoronga. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Hupunguza maji na kuiacha floraidi yenyewe.

Mwenye kujenga juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, achimbe shimo la majaribio na aulize kina cha udongo huo kabla ya kununua hata tofali moja.

Ardhi inapotikisika au mlima unapopasuka

Huduma hii ndiyo isiyozungumzwa sana mpaka siku ya msiba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu mkoani Kagera na kubomoa maelfu ya nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa zaidi ya watu 80. Mwaka 2007 mitetemo ya mfululizo ilitangulia mlipuko wa Oldoinyo Lengai. GST ina vituo vya kurekodi mitetemo, na baada ya matukio ya namna hii wajiolojia wake hutumwa kukagua na kuishauri serikali. Lakini vituo ni vichache kwa nchi kubwa hivi, na macho ya wakazi yanajaza pengo lao.

Ukisikia tetemeko, andika saa kamili, muda liliochukua, ulikuwa umeketi, umesimama au umelala, na nini kilianguka: kikombe, tofali la juu, ukuta mzima. Ukubwa hupimwa kwa mashine na huwa mmoja kwa tetemeko zima, lakini ukali hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, na ramani ya ukali huchorwa kwa ushahidi wa watu kama wewe. Taja pia kama maji ya kisima yalibadilika rangi au kupungua, na kama kuna ufa ardhini, pima urefu wake na upande unaoelekea.

Kwa mlima, dalili za kuandikwa ni ufa mpya ulio kama tao juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama pamoja, chemchemi iliyogeuka tope bila mvua, na mto uliopungua ghafla wakati mvua inanyesha. Hiyo ya mwisho isisubiri barua, kwa kuwa huenda maji yamezibwa na maporomoko huko juu na yataachia kwa mkupuo: watu waondoke mabondeni kwanza, kisha taarifa itolewe kwa mtendaji wa kijiji na kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa. Kwa dalili nyingine, serikali ya kijiji iandike barua kupitia halmashauri kwenda GST, ikiambatanisha picha zenye tarehe na namba za mahali, na iendelee kupima ule ufa kila wiki kwa vigingi viwili na kamba, ikiandika umbali kati ya vigingi katika daftari moja lisilobadilishwa. Mjiolojia atakapofika, apewe daftari hilo, na aongozane na mzee anayekumbuka mahali mto ulipopita kabla ya mafuriko ya mwisho, na mabamba ya mawe makubwa yaliyoko katikati ya mashamba yalifika hapo lini.